Maneno ya Paskalina Kwenye Diski Yako

Baba Zuhura,

Assalamu alaykum huko uliko. Ni mimi Mwanahawa, mkeo wa ndoa, na hilo la ndoa nalitaja mapema kwa sababu siku hizi nahitaji kulisikia. Nimeketi ofisini kwetu nyuma ya soko, kwenye kiti chako, na mashine yako imewaka. Imewaka kwa programu mpya. Ile ya zamani, uliyosema itatutosha mpaka tuzeeke, haipo tena. Nimetaka uipate habari hii kwangu kabla hajakufikishia yeye katika sala zake, maana najua anakuombea. Kila Jumapili anakuombea kanisani kwao, wewe Mwislamu, na mimi hata hilo nalionea wivu.

Yeye ni Paskalina. Unajua namsema nani, lakini nimtaje jina, nisije nikaonekana namwogopa.

Unakumbuka ulivyoileta hii kompyuta kutoka Dar, juu ya basi, imefungwa kwenye blanketi letu la baridi? Ndiyo ile miaka biashara ilipofunguliwa, kila mwenye ukuta anatoboa mlango na kuita duka. Wenzako walileta nguo za mtumba, redio, matairi. Wewe ukaleta mashine ya mtumba, imetumika huko Ulaya mpaka rangi yake imekuwa ya meno ya mvuta tumbaku. Kaka yangu Ramadhani alikucheka waziwazi, akasema shemeji amenunua televisheni isiyoonyesha mpira. Haukupita muda, barua za misikiti, barua za makanisa, katiba za vikundi vya kina mama, zote zikawa zinakuja kwetu. Hakuna tena aliyetaka taipureta.

Ukanifundisha na mimi. Mimi binti wa mjini, mjukuu wa watu waliokuja na misafara ya biashara, niliyelelewa kupima kaniki kwa yadi. Ulinikalisha ukasema, "Mama Zuhura, kitu hiki hakiogopwi. Kinaheshimiwa." Ukafungua boksi, ukanionyesha kitu kiitwacho hadi diski, kile kibati kizito kama tofali dogo, chenye sahani inayozunguka ndani yake. Ukasema, "Kila tulichoandika kimekaa hapa. Kingine chochote kikifa tutanunua. Hiki kikifa, kimekufa na vyetu."

Niliipenda siku ile. Tulikuwa wawili tu, na vumbi la Dodoma, na feni.

Kisha mama yako akafariki kule Chemba. Uliporudi kutoka mazishini ulikaa siku nyingi bila kusema sana, mpaka ukaniambia kwamba mjini hapa huna tena mtu wa kuzungumza naye Kisandawe. Nikajaribu, Baba Zuhura. Mungu ni shahidi wangu nilijaribu. Nilishika salamu, nikashika "njoo ule". Lakini zile sauti za kugonga ulimi, moja nyuma ya meno, nyingine pembeni kama mtu anayemhimiza punda, ulimi wangu ulizikataa. Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Hukucheka kwa ubaya. Ila mimi niliacha kujaribu, na wewe hukuniuliza kwa nini nimeacha.

Badala yake ukaanza kuyaandika maneno. Mtafiti mmoja aliyepita alikuachia flopi, kile kidiski bapa cha kubebea mafaili, yenye alama za zile sauti, ukaziingiza kwenye mashine, ukawa unachapa neno la Kisandawe upande huu na maana yake kwa Kiswahili upande ule. Pale ulipokwama ukamtafuta mtu wa kwenu, na mtu wa kwenu akawa mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mwenye sauti nzuri. Ndiye Paskalina. Akawa anakuja kila Jumamosi.

Nilikuwa nawasikia kupitia pazia. Anasema neno, unalirudia, anakusahihisha, mnacheka. Nikiingia na chai mnanyamaza, mnahamia Kiswahili, kama watu wanaompisha mgeni kwenye kiti. Mgeni mwenyewe ni mimi, na ofisi ni yangu, na chai ni yangu. Sikuwahi kukufumania na lolote. Laiti ningekufumania! Ningejua nagombania nini. Mwanamke atamgombania mumewe kwa mwanamke mwenzake, lakini kwa lugha atamshika nani nywele?

Halafu ile safari. Mlikwenda Chemba kwa wazee, kuchukua maneno ya mwisho mwisho, ya nyuki na mizizi na uwindaji. Ulirudi wiki ile ukayachapa yote, ukiwa na furaha kama mtoto wa sikukuu. Ukasema bado kuna mzee mmoja tu. Mkaenda tena. Kurudi, lori mlilopanda likaanguka kwenye korongo, na Paskalina akatoka na mkono uliovunjika, na wewe...

Nitaliacha hapo.

Ila hili sitaliacha. Alipokuja msibani, mkono umefungwa, aliinama akaniambia sikioni, "Mama Zuhura, pole. Hakuwa peke yake. Alisema kwa lugha yetu." Akaenda kukaa na wanawake wengine.

Lugha yetu. Yetu!

Nilikaa eda na neno hilo. Wajane wengine hukaa eda na picha ya mume, mimi nilikaa na "yetu". Miaka yote ile niliyokupikia na kukufulia, nikakuzalia Zuhura, na maneno yako ya mwisho akayasikia mwingine, kwa lugha ambayo hata kama ningekuwepo nisingeielewa. Nilitaka kumwuliza ulisema nini. Sikumwuliza. Sikutaka anitafsirie mume wangu.

Nilipotoka eda nikafungua ofisi. Vumbi lilikuwa limelala kwenye kibodi kama unga. Nikawasha mashine, ikaamka taratibu, kisha nikausikia mkwaruzo: krr, krr, tak. Kama mtu anayekwaruza sufuria kwa kijiko. Ikanyamaza, ikaendelea. Nikasema moyoni ni uzee. Nikaendelea kuchapa barua za watu.

Siku hiyohiyo, kana kwamba kuna mtu aliyemwambia, Paskalina akaingia. Shikamoo kwa mama yangu aliyekuwa amekaa mlangoni, pole kwangu, kisha likaja jambo lenyewe. Kuna kiwanda cha uchapaji mjini Dar kimekubali kukitoa kitabu cha maneno. Lakini kazi wanaitaka kwenye programu mpya ya kupangia kurasa, na programu hiyo haikubali kukaa juu ya Windows ya tisini na tano, programu kuu ya mashine yetu. Inataka ya tisini na nane. "Sijui mambo hayo," akasema. "Athumani alisema wewe unayajua kuliko yeye."

Athumani. Mimi sijawahi kukuita Athumani.

Nikamjibu kwamba mashine ni ya zamani, nitaangalia. Akashukuru akaondoka, nami nikabaki nimekaa nasikiliza ule mkwaruzo. Sasa sikiliza, Baba Zuhura, maana hili nakwambia wewe tu.

Niliazima sidii ya programu kuu mpya kwa jamaa wa ile ofisi iliyo karibu na stendi. Ilikuwa Ijumaa mchana, watu wako msikitini, mtaa umetulia. Nikaiingiza. Mashine ikauliza kama niko tayari kuendelea. Yote uliyonifundisha nilikuwa nayajua. Usiguse programu kuu kabla hujachukua nakala. Diski ikilia, usiipe kazi nzito. Na ule msemo wako: usipandishe paa jipya juu ya ukuta wenye ufa. Nilijua kwamba nikibonyeza ndiyo, ile diski mgonjwa itafanyishwa kazi mchana kutwa, itafuta na kuandika na kufuta, na huenda isifike jioni. Maneno yote yatakwenda. Jumamosi zote zitakwenda. Na hakuna atakayenilaumu. Mashine ya mtumba, imezeeka, imekufa, ni amri ya Mungu. Paskalina angelia, na mimi ningemletea chai.

Kidole kilikuwa juu ya kibodi.

Sitakudanganya kwamba niliingiwa na huruma, au nilikumbuka kitabu, au heshima ya kabila lako. Kilichonizuia ni wivu wenyewe. Nilifikiri hivi: diski ikifa, yeye amepoteza nini? Maneno anayo kinywani. Alizaliwa nayo, atakufa nayo. Kwake kitakachopungua ni karatasi. Mimi je? Upande ule wa Kiswahili ndio pekee ninaoweza kuusoma. Ule ni mkono wako. Kwenye neno la mzizi fulani umeandika, "Mchungu, lakini mtu huuzoea." Kwenye neno moja la mvua umeandika, "Ile inayokuja upande mmoja wa mlima tu na kuwaacha majirani." Hakuna mwingine wa kuandika hivyo. Nikiua diski, Paskalina anabaki na lugha yake, na mimi nabaki na nini? Nilikuwa nataka kumwibia yeye na mkono umo kwenye mfuko wangu mwenyewe.

Nikatoa sidii. Nikazima mashine kabisa, nikachomoa na waya ukutani.

Baada ya hapo nilifanya kama ulivyonifundisha, na ningependa ungeniona. Sikuiwasha tena kwa barua za watu; wateja niliwaelekeza kwingine, wakanung'unika. Kaka Ramadhani, yule yule wa televisheni isiyoonyesha mpira, akaenda Dar kwa shughuli zake akaniletea hadi diski nyingine. Ni ya mtumba pia, lakini niliiwasha nikatega sikio, ikazunguka kimya kama feni ya tajiri. Nikaipima uso wake wote kwa ile programu ya ukaguzi kabla sijaiamini na chochote. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo nikanunua stabilaiza ya kutuliza umeme na nikawa nafanya kazi asubuhi tu, wakati ambao kwenye mtaa wetu umeme hausumbui. Ulisema umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski ni kama mtu aliyesukumwa akiwa anapanda ngazi.

Kwanza nikanakili maneno kwenye flopi, machache machache, nikiipumzisha mashine kila inapoanza kukwaruza. Zuhura alikuwa akiketi miguuni pangu na daftari lake la shule. Kila diski ikilia ananiuliza, "Mama, inaumwa?" Namwambia inaumwa, tunyamaze. Na mtoto ananyamaza kweli, kama tuko wodini.

Kisha nikafungua boksi kwa bisibisi yako. Diski mpya nikaiweka mbele, ya zamani nikaiweka ya pili yake, nikakihamisha kile kipini kidogo cha nyuma ili zisigombanie ukubwa. Nilicheka peke yangu. Hata hawa, nikasema, lazima uwaambie nani mkubwa na nani mdogo, la sivyo nyumba haiwaki. Programu mpya nikaiweka kwenye diski mpya tupu, ya zamani sikuigusa kwa kuandika hata herufi. Ilipomaliza na kuamka na rangi zake, nikaanza kuvuta yaliyobaki kutoka kwenye ile mgonjwa, faili kwa faili.

Ikatoa karibu yote. Ikatoa na alama za mtafiti. Ikafika kwenye mafaili ya mwisho, yale uliyoyachapa wiki ile ya furaha, ambayo yalikuwa hayajaingia kwenye flopi. Hapo ikakwaruza, ikagonga, ikajaribu tena. Nikaizima ikapoa, nikaiwasha. Ikagonga. Nikaiinamisha ubavu kama ulivyowahi kufanya. Ikagonga mara moja, halafu ikanyamaza, na tangu hapo haijazunguka tena.

Nililia, Baba Zuhura. Msibani walisema mjane huyu ana moyo mgumu. Wangeniona siku ile nalilia kibati.

Sasa fikiria mwenyewe ni nani mjini hapa aliyekuwa anayajua maneno yale. Wewe uliyeyachapa, na yeye aliyekuwepo mlipokuwa mnayachukua. Nilikaa wiki nzima nikitafuta njia nyingine. Haikuwepo. Nikavaa baibui, nikaenda shuleni kwake, nikamsubiri kwenye kivuli cha madarasa mpaka kengele ya kutoka. Nikamwambia, "Mwalimu, kuna maneno yamepotea. Naomba uje uyaseme, mimi nitachapa."

Akaniangalia. Akasema, "Jumamosi?"

Nikasema Jumamosi.

Basi tukakaa, mimi kwenye kiti chako, yeye kwenye kiti chake kilekile. Anasema neno, anagonga ulimi, mimi natafuta alama yake kwenye kibodi. Nikikosea anarudia polepole, kama anavyofundisha watoto. Kisha anaeleza maana, na mimi naandika kwa Kiswahili. Mwanzoni niliandika alivyosema. Baadaye nikaanza kuandika kama ambavyo wewe ungeandika, na yeye akawa anasoma kwenye kioo na kunyamaza. Siku moja akasema, "Hilo angelipenda." Nikachukia kwamba anajua ungependa nini. Nikafurahi pia. Sijui moyo ni kitu gani.

Jumamosi moja tukafika kwenye neno fupi sana, la kupasuka mbele ya mdomo, halina hata kidoko, ile sauti ya kugonga ulimi. Akalisema mara moja tu. Nikamwambia arudie, sikulipata. Hakurudia. Nilipogeuka alikuwa ameshika ule mkono uliovunjika, analia bila sauti.

"Ni maji," akasema. "Maana yake maji."

Nikaondoa mikono kwenye kibodi.

"Ndilo alilosema, Mama Zuhura. Pale korongoni. Hakusema kingine. Maji, maji. Na mimi sikuwa nayo. Mkono ulikuwa chini ya mbao, nisingeweza hata kwenda kutafuta. Watu wakaniuliza aliacha maneno gani, nikasema tu alisema kwa lugha yetu, kwa sababu niliona aibu. Angekuwa na wewe, ungempa."

Miezi yote ile niliyokaa na wivu wangu, nikilala nao na kuamka nao, nilidhani ulimwachia siri, au wasia, au neno la mapenzi. Kumbe alibebeshwa kiu yako. Alibeba kitu ambacho mimi nisingekiweza, na alikibeba peke yake, na mimi nilikuwa namwonea wivu kwa mzigo huo.

Nikainuka, nikachota maji kwenye mtungi, nikampa. Akanywa nusu, akanirudishia kikombe, nami nikanywa iliyobaki. Nadhani hakuna aliyepanga kufanya hivyo.

Kisha akajipangusa uso akasema, "Nikwambie kitu? Nilikuwa nakuonea wivu." Nikamwangalia kama amerukwa na akili. "Kila ikikaribia saa ya chai alikuwa anaacha kusikiliza. Namwambia neno, haandiki, anaangalia pazia. Mimi mume wangu aliishi na mimi mpaka akafa, na hakuwahi kuliangalia pazia namna ile."

Ungeniambia, Baba Zuhura. Ilikuwa vigumu kiasi gani kuniambia? Uliweka maana ya kila kitu kwenye mashine, na jambo hilo moja ukaniachia nilisikie kwa Paskalina.

Kazi imekwisha. Juzi tuliweka mafaili yote kwenye sidii, nakala moja imekwenda Dar, nyingine iko kwake, nyingine iko kwenye sanduku langu la nguo. Jina lako litakuwa la kwanza kwenye jalada. La pili nilitaka liwe langu, na yeye alitaka liwe langu, na kwa sababu alitaka, nikakataa. Litakuwa lake. La kwangu litakuwa chini kidogo. Usinisifu, nimekataa kwa hasira.

Na usidhani wivu umekwisha. Upo. Akilitaja jina lako, Athumani, bado nasikia kama mtu amefungua kabati langu bila hodi. Akicheka, bado nahesabu vicheko mlivyocheka. Nimejaribu kuutoa nikaona hautoki, basi nimeamua ukae, mradi usiguse kazi ya watu.

Ila kuna jambo nataka ulijue kabla sijafunga. Zuhura ameanza kurudia yale maneno. Jumamosi zile alipokuwa amekaa miguuni petu alikuwa anasikiliza, nasi hatukujua. Ulimi wake hauyakatai. Anagonga zile sauti vizuri kabisa, hata Paskalina aliposikia alishika mdomo. Mwalimu ameniomba mtoto awe anakwenda nyumbani kwake kujifunza, na ameniomba kwa adabu sana, kama mtu anayejua anaomba nini. Nilimjibu nitafikiri. Nimefikiri. Damu iliyo ndani ya mtoto si ya kwangu peke yangu, na mimi sina cha kumpa upande huo.

Kwa hiyo nakuahidi: Jumamosi ijayo nitamshika mkono nimpeleke mwenyewe. Nitamkabidhi binti yako kwa mwanamke yule, akae naye, wacheke kwa lugha nisiyoijua. Nitakaa barazani, nje ya mlango. Sitaingia kuwakatiza. Lakini nyumbani sitarudi mpaka watoke.

Mola akupe makao yenye nafasi, Athumani.

Mkeo,
Mwanahawa